Amana ya Mgonjwa



Mwezi huu nilikusudia kuyaendeleza maneno yetu juu ya adabu za mgeni na mwenyeji, lakini limezuka jambo ambalo naona haifai kulichelewesha. Lilinipata mimi mwenyewe, na aliyekosa ndani yake ni mimi.

Hapa Buguruni yuko binti mmoja niliyemsomesha tangu alif na be mpaka akahitimu msahafu. Leo ni muuguzi. Jina lake sitalitaja, wala mahali anapofanya kazi, na msomaji akifika mwisho atafahamu kwa nini. Siku moja baada ya sala ya Alasiri alinijia mzee mwenzangu wa mtaani. Binti yake ameposwa na kijana mwenye adabu na kazi yake. Lakini mzee alikuwa na dukuduku. Amesikia kwamba kijana yule huonekana kila mwezi mlangoni mwa kituo kile anachofanya kazi yule mwanafunzi wangu wa zamani. "Mwalimu," akaniambia, "wewe una mtu wako mle ndani. Muulize neno moja tu: kijana huyu anatibiwa nini?"

Nami nikaona ni jambo la kheri. Kwetu sisi kumuulizia mposaji ni desturi, na mzazi hulaumiwa asipouliza. Basi nikamwita binti. Akaja, akaniamkia shikamoo, nikamjibu marahaba mwanangu, nikamweleza haja yangu. Akainamisha kichwa kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, niwie radhi. Siwezi kukwambia anatibiwa nini. Hata kwamba ni mgonjwa wetu au si mgonjwa wetu, hilo nalo siwezi kukwambia."

Nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia kwamba mimi si mtu baki, kwamba mimi ndiye niliyemshikisha kalamu. Akanijibu kwa sauti ndogo, "Ingekuwa ni yangu, Mwalimu, ningekupa." Akaaga akaenda zake.

Ijumaa iliyofuata alirudi kunitaka radhi, ilhali anayestahili kuombwa radhi alikuwa yeye. Alikuja na daftari lake la chuo cha uuguzi. Mambo yote yale ya sheria na maadili ya kazi yao ameyasoma kwa Kiingereza, na akaniomba nimsaidie kuyapatia maneno ya Kiswahili, apate kuwaeleza wagonjwa na jamaa zao. Tulikaa tangu baada ya Ijumaa hadi karibu na Magharibi. Haya niyaandikayo nimeyapata katika kikao kile, na machache nimeongeza kutoka kwa wakili mmoja tunayesali naye msikiti mmoja, na katika vitabu vyangu mwenyewe.

Neno la kwanza tuliloafikiana lilikuwa amana. Msomaji wa upande wetu huu atatabasamu, kwa kuwa hospitali kubwa iliyo karibu nasi, kule Ilala, yaitwa Amana. Mtu anapoingia hospitali hukabidhi vitu vitatu: mwili wake, jina lake na habari zake. Hukabidhi tu, hagawi. Vyabaki kuwa mali yake, na mwenye kuvipokea ni mchunga.

Watu hudhani jina ni jambo dogo. Basi na wasikilize. Mwezi wa Novemba mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili hapa hapa Dar es Salaam, walikuwapo wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza. Mmoja alikuja kwa ajili ya goti, wa pili kwa ajili ya kichwa. Aliyekuja kwa goti akafunguliwa kichwa. Aliyekuja kwa kichwa akapasuliwa mguu. Huyu mwenye maradhi ya kichwa baadaye alifariki. Nchi nzima ilitaharuki, na wengi wetu tulisema maneno makali juu ya madaktari. Miaka kumi na kidogo ikapita, na mwezi wa Februari 2018 jambo la namna ile ile likatokea Nairobi, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mtu asiyehitaji kupasuliwa akafunguliwa fuvu, na wapasuaji wakafahamu wakiwa katikati ya kazi kwamba donge la damu walilokuwa wakilitafuta halimo. Mwenye donge alikuwa bado kitandani mwake. Vibandiko vya majina vilikuwa vimebadilishana.

Nataka msomaji atazame kwa makini. Wapasuaji hawa hawakuwa wajinga wa kupasua. Mikono yao ilikuwa na ustadi. Kilichokosekana ni swali moja ambalo hata mtoto wa chuoni huliweza: wewe ni nani, na umekuja kwa ajili ya nini?

Na hapa pana habari ambayo binti alinisomea kwa furaha, nami nikafurahi naye. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi moja yenye vipengele 19, ya kusomwa kwa sauti katika chumba cha upasuaji mara tatu: kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Mwanzo wa karatasi ile ni mgonjwa kuulizwa jina lake, mahali atakapopasuliwa, kazi itakayofanywa, na kwamba ameridhia. Karatasi hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane ya dunia. Kulikuwa na London, Seattle, Toronto, Auckland, Manila, New Delhi na Amman, na mji wa nane ulikuwa Ifakara, katika bonde letu la Kilombero. Matokeo yalitangazwa Januari 2009. Kabla ya karatasi, katika kila wagonjwa 1,000 waliopasuliwa walikufa 15. Baada yake wakafa 8. Waliopatwa na madhara makubwa walikuwa 11 katika kila 100, wakapungua hadi 7. Hawakuongezewa dawa mpya. Wengi wa waliopona walipona kwa sababu watu walikubali kuulizana mambo ambayo kila mmoja alidhani mwenzake anayajua.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, muuguzi akikuuliza jina lako mara ya tatu usimwambie, "Mbona nimekwisha sema?" Mjibu. Na akija kukutia sindano bila kukuuliza, mtajie wewe.

Neno la pili ni idhini. Hili ndilo lililotuchukua muda mrefu, maana katika nyumba zetu limeharibika sana. Idhini ni ruhusa aitoayo mwenye mwili, naye ana akili timamu, amekwisha elezwa, na hakutishwa wala kuharakishwa. Kupiga sahihi tu si idhini. Mtu aweza kupiga sahihi karatasi kumi asizojua kusoma, na asiwe ameridhia jambo lo lote. Kuelezwa ndiko kuliko na uzito: una maradhi gani, wataka kufanyiwa nini, kina hatari gani, iko njia nyingine au haiko, na usipofanyiwa litakuwaje. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilihukumu katika kesi ya mama mmoja wa Scotland aliyekuwa na maradhi ya sukari. Hakuelezwa kwamba mabega ya mtoto wake yaweza kukwama wakati wa kuzaa, kwa kuwa daktari alichelea kwamba akiambiwa atachagua kupasuliwa. Mabega yakakwama, na mtoto akazaliwa na kilema. Mahakama ikasema mama alikuwa na haki ya kuambiwa kila hatari ambayo mtu wa hali yake angeiona ni nzito, na kuchagua ni kwake yeye. Hukumu ile haizifungi mahakama zetu, lakini wakili wetu asema husomwa hapa na hupewa heshima.

Sasa niseme lile ambalo baadhi ya wanaume hawatalipenda. Mara ngapi tumesikia hapa mjini kwamba mke yuko chumba cha uzazi, mkunga amesema mtoto amechoka na sharti apasuliwe, na watu wanasema, "Tumngojee mumewe, yuko safarini, simu yake haipatikani"? Mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu hujitolea idhini mwenyewe. Sahihi ya mumewe, au ya baba yake, au ya shangazi yake, siyo inayohalalisha kisu. Najua wengine watasema dini yataka mke amtake mumewe ruhusa. Dini yataka mambo mengi mema baina ya mume na mke, na kushauriana ni mojawapo, lakini mtume hakututuma kungojea simu iwake huku roho mbili zikitoka. Mwenye kumpenda mkewe na amwambie mapema, mimba ikiwa bado changa, "Ikifika saa hiyo nami sipo, amua wewe, nami niko radhi." Maneno haya hayana gharama, na mkewe atalala usingizi.

Na aliyezimia je? Huyo hawezi kuulizwa. Hapo dharura yasimama mahali pa idhini. Mtabibu hufanya lililo la lazima kuokoa maisha, wala hangoji. Mtoto naye huombewa idhini na mzazi au mlezi, ingawa mtoto mwenye fahamu naye huelezwa kwa kadiri yake, asibebwe kama gunia. Kwa kupimwa virusi vya UKIMWI sheria imeweka umri wake. Zamani ilikuwa miaka 18, na mabadiliko ya mwaka 2019 yakaushusha hadi 15.

Kinyume cha idhini ni kukataa, na kukataa nako ni haki. Mtu mzima mwenye akili timamu akikataa dawa, hata kama kukataa kwake kutamdhuru, mtabibu hana ruhusa ya kumkamata kwa nguvu. Wajibu wake ni kumweleza vizuri, na kumweleza tena, na kuandika kwamba amekataa. Nilimuuliza binti kama hili halimuumi moyo. Akasema laumiza sana.

Nisisahau jambo moja la hapa kwetu. Sisi watu wa Buguruni tunayo shule ya watoto viziwi tangu mwaka 1974, na wengi waliosoma pale sasa ni watu wazima wenye nyumba na watoto. Kiziwi akienda hospitali mara nyingi hufuatana na jirani au mtoto wake mdogo wa kumfasiria. Basi fikirieni: mama aulizwa mambo ya tumbo lake kwa mikono ya mwanawe wa miaka tisa. Ataeleza nini, na ataficha nini? Idhini iliyopitia kwa mtoto ni idhini iliyovuja njiani, na siri pia huvuja nayo. Ajuaye lugha ya alama na afanyaye kazi ya hospitali ana thawabu kubwa, na laiti wangekuwa wengi.

Hapo ndipo tulipofika kwenye siri, na mimi nikaanza kujisikia vibaya kitini mwangu.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 imekataza mtu kulazimishwa kupimwa, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa. Imesema majibu ni siri. Mtu wa kwanza wa kuambiwa ni aliyepimwa mwenyewe, na sheria ikawataja wachache wengine wanaoweza kuambiwa, kama mzazi wa mtoto, au mwenzi, au mahakama. Mwalimu wa madrasa hayumo. Mzee wa mtaa hayumo. Mkwe mtarajiwa hayumo. Sheria hiyo hiyo imemtaka yule anayejijua kuwa na virusi amwambie mwenzi wake, kwa hiyo siri si kinga ya kudanganya watu wa ndani ya nyumba. Na mwaka 2022 ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na habari za afya ya mtu zimewekwa humo katika zile zinazohitaji kuchungwa zaidi. Yamgusa hata yule anayepiga picha ya majeruhi kwa simu na kuirusha katika kundi la marafiki akiandika "maskini". Hata akiwa hana koti jeupe, ameiba.

Lakini ukweli ni kwamba siri nyingi hazivujwi na wabaya. Huvujwa na jamaa. Binti alinihesabia: mama mdogo amuulizaye jioni wakiwa jikoni, "Leo nimemwona mke wa fulani kwenu, ana nini?" Wifi atakaye kujua kama mimba ya shoga yake ni ya miezi mingapi. Mzee wa heshima atumaye salamu. Kila mmoja huuliza kwa mapenzi, na kila mmoja huona yeye si mtu baki. Muuguzi kijana aliyelelewa kuwatii wakubwa zake huwekwa baina ya moto na maji. Akisema amevunja amana, na asiposema ameitwa mwenye kiburi. Sikuwa na la kumjibu. Tunawalea watoto wetu wasiwajibu wakubwa hapana, kisha tunawapeleka kwenye kazi ambayo nusu yake ni kusema hapana kwa adabu.

Neno uzembe nililijua. Nilichokuwa sijui ni kwamba si kila mgonjwa aliyekufa amekufa kwa uzembe. Sheria yataka mambo matatu yathibitishwe: kwamba mtabibu alikuwa na wajibu juu ya mgonjwa yule, kwamba aliuvunja, na kwamba dhara lililotokea limetokana na kuuvunja huko. Likikosekana moja, ni msiba, si uzembe. Na kipimo chake ni nini? Nchi hii ilipowekwa chini ya Waingereza ilirithishwa sheria yao ya kawaida kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na toka hapo majaji wetu wameendelea kutazama hukumu za kule. Iliyo mashuhuri zaidi ni ya mwaka 1957, ya mgonjwa aliyeitwa Bolam, aliyevunjika mifupa alipokuwa akitibiwa kwa umeme. Ikasemwa kwamba daktari hapimwi kwa malaika, bali kwa daktari mwenzake mwenye ujuzi wa kawaida katika fani ile. Akifanya kama wanavyofanya wenye kuaminika wa kazi yake, hana hatia, hata kama wako wengine ambao wangefanya vingine.

Nilipolisikia hili nikafungua kabati, nikamwonyesha binti kwamba wanavyuoni wetu hawako mbali na hapo. Wamesema kwamba mjinga ajitiaye utabibu hulipa alichoharibu. Ama tabibu mjuzi, aliyepewa idhini, na asiyevuka mpaka wa kazi yake, huyo halipi hata mgonjwa akifa.

Na katika vitabu vya tarehe imepokewa kwamba mwaka 319 wa Hijra, sawa na 931 wa miladi, Khalifa al-Muqtadir alifikiwa na habari mjini Baghdad kwamba mtu amekufa kwa kosa la tabibu. Akaamrisha asiachiwe mtu kutibu ila aliyetahiniwa na Sinan bin Thabit. Wakatahiniwa zaidi ya watu 800 katika mji ule mmoja, mbali na wale ambao ustadi wao ulikuwa mashuhuri. Akaja mzee mmoja mwenye mavazi mazuri na haiba. Sinan akamheshimu, akamngoja aseme lake. Mzee akatoa dinari kutoka katika kanzu yake, akakiri kwamba hajui kusoma wala kuandika vizuri, lakini ana watu wa kulisha, akaomba asikatiwe riziki. Sinan akacheka. Akamwachia, kwa sharti kwamba asimguse mgonjwa kwa jambo asilolijua, wala asimtoe mtu damu, wala asimnyweshe dawa ya kuharisha ila kwa maradhi mepesi. Mzee akasema hiyo ndiyo njia yake maisha yake yote, na hajapata kuvuka sharubati ya siki na asali. Kesho yake akaja kijana. Akaulizwa amesoma kwa nani, akasema kwa baba yangu. Baba yako ni nani? Ni yule mzee wa jana. Nawe wafuata njia yake? Ndiyo. Basi, akaambiwa, usiivuke.

Binti alicheka mpaka akajifuta macho, akasema wazee wa namna hii angali anawaona, ila sasa hawana habari ya sharubati, wana sindano. Na kweli, mitaani mwetu kila auzaye dawa huitwa dokta. Yako maduka ya dawa muhimu, ambayo mpango wake ulianza Ruvuma mwaka 2003, na wauzaji wake hufunzwa na huwekewa orodha ya dawa wanazoruhusiwa. Anayekaa ndani ya orodha yake ni kama mzee wa Baghdad. Anayeivuka akamchoma mtoto wa jirani sindano nyuma ya pazia, huyo Sinan asingemwachia.

Mwenye malalamiko ya haki na ajue pa kuyapeleka. Aanze kwa mkuu wa kituo, kwa maandishi, akitaja siku na saa. Juu yake liko Baraza la Madaktari Tanganyika kwa madaktari, lenye nguvu zake katika sheria ya mwaka 2017, na Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa wauguzi na wakunga, chini ya sheria ya mwaka 2010. (Jina la Tanganyika msilishangae, kazi ya udaktari si jambo la Muungano, na wenzetu wa Zanzibar wana baraza lao.) Mabaraza haya yaweza kumwonya mtu, kumsimamisha, hata kumfuta katika daftari. Kisha ziko mahakama. Kumvamia muuguzi wa zamu kwa makofi usiku wa manane kwa sababu marehemu ni wetu, hilo halimo katika sheria yo yote, na limepata kutokea.

Jambo la majeruhi nitalipitia kwa haraka. Pale njia panda yetu, Barabara ya Mandela inapokutana na ya Uhuru, hapapiti muda mrefu pikipiki haijamwangusha mtu. Watu wamezoea kusema majeruhi hatibiwi bila hati ya polisi namba 3, na hukimbilia kituoni huku damu yamwagika. Kusudi la hati ile ni ushahidi. Kwa hati hiyo polisi humtaka mtabibu aandike majeraha aliyoyaona, yapate kusomwa mahakamani. Yafaa kuwa nayo, na jamaa mmoja aifuate wakati majeruhi yuko mikononi mwa wauguzi. Mtabibu anayeangalia damu ikimwagika huku akisubiri karatasi ameacha wajibu wa kwanza kwa ajili ya wa pili.

Jua lilikuwa limekwisha kuchwa tulipolifunga daftari. Nikamwambia binti, "Mwanangu, nimekutia katika mtihani, nisamehe." Akasema amekwisha samehe tangu siku ile, alichokuwa akiogopa ni kwamba nisingesalimiana naye tena.

Nilirudi kwa mzee nikamwambia sikupata neno, wala sitalitafuta. Alinuna. Nikamwambia, "Kijana yu hai, ana ulimi, na nyumba yake unaijua. Mwite umuulize mwenyewe. Na kama vijana hawa watataka kwenda kupimwa wote wawili kabla ya ndoa, waende kwa hiari yao, kila mmoja apokee jibu lake, kisha waambizane wenyewe." Alimwita. Walikaa barazani baada ya Isha, wawili tu, kwa muda mrefu. Yaliyosemwa baina yao sikuyauliza.

Mwezi uliopita presha ilinipanda, nikaenda kituoni. Aliyekuwa zamu ni yule yule binti. Aliniamkia, akanikalisha, akavuta daftari, akaniuliza jina langu kamili. Nikamtazama. Akaniuliza tena, na jina la baba yangu, na mwaka niliozaliwa. Nikamtajia yote, naye akaandika.